Je, Wajua? Mvua ya Mwembesongo husomwa baharini

Mwembesongo, mjini Morogoro, hakuna ngalawa wala harufu ya chumvi. Hata hivyo, wingu likitanda juu ya milima ya Uluguru na watu kuanua nguo mbio, huenda chanzo kiko baharini. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakizidi kwa joto yale ya upande wa Indonesia, vuli huwa kubwa, kama mwaka 2019. Joto hilo hupimwa pia na vyombo vya Argo, mitungi myembamba isiyo na nahodha, ambavyo huzama hadi mita 2,000. Kila baada ya siku 10 hivi huibuka, hutuma vipimo kwa setilaiti, kisha huzama tena. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huangalia joto la bahari inapotabiri vuli. Umevutiwa na kazi hiyo? Chuo cha Mamlaka hiyo kiko Kigoma, ziwani!