Kifundo cha Mguu na Kikao cha Jirani Yangu

Jirani yangu, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa maradhi ya sukari, huswali juu ya kiti. Sheria imempa ruhusa hiyo, wala hana lawama. Linalomuuma ni jingine: mguu wa bandia humfikisha msikitini, lakini haumruhusu kukaa chini na wenziwe. Nyumbani nako mkewe humwandalia mezani peke yake, hali wajukuu wamelizunguka sinia mkekani. Na uliokatwa ni wa kulia, ule ambao katika tahiyatu wayo wake husimamishwa, vidole vikaelekezwa kibla.

Tangu hapo nimekitazama kifundo cha mguu kwa jicho jingine. Mtu atembeapo, kisigino hutua kwanza, kisha wayo ukalala, na muundi ukainama mbele juu yake. Wakati huo kano nene iliyo nyuma ya kisigino hunyumbuka kama mpira wa manati, ikaweka akiba ya nguvu. Mguu ukitaka kuondoka ardhini, kano hujirudi, misuli ya shavu la mguu ikaisaidia, na mwili ukasukumwa mbele. Katika mwendo wa kawaida kifundo hutoa msukumo mkubwa kuliko goti au nyonga. Aliyekikosa huchoka upesi, kwani nyonga hulipa deni lisilo lake.

Mguu wa bandia ulioenea sana, uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1950, hauna kiungo cha kifundo kabisa. Ndani mna gogo gumu, na kisigino cha mpira laini. Ndani ya kiatu hutembea vyema. Ukitaka kuchutama, hukataa. Ulitengenezwa kwa watu wa viti na viatu.

Mjini Jaipur, India, mwaka 1968, fundi wa sanaa Ram Chandra Sharma, asiyekuwa na elimu kubwa ya darasani, alishirikiana na daktari wa mifupa P. K. Sethi. Walichukua vipande vya mpira na ubao, wakavifunika kwa mpira wenye sura na rangi ya mguu, kisha vikapikwa pamoja katika kalibu. Mguu huo hupinda pande kadhaa. Mwenye nao huenda pekupeku, huingia katika majaruba ya mpunga, huchutama na kukunja miguu akakaa chini. Sisemi kwamba vidole vyake hutii kama vya kuumbwa.

Iko pia miguu ya nyuzi za kaboni, inayorudisha sehemu ya nguvu iliyowekewa lakini haizalishi yake. Na vifundo vyenye mota na betri, kama vile alivyobuni Hugh Herr wa Marekani, ambaye mwenyewe alipoteza miguu yote miwili kwa baridi kali mwaka 1982. Bei yake si ya kuzungumzwa barazani kwetu.

Jirani yangu atapimwa upya baada ya Ramadhani. Nimemwambia aende na mswala wake, na mkewe afuatane naye, wamwonyeshe fundi jinsi anavyokaa kabla hajashika kipimo.