Sura ya Tano: Kengele Isipolia

Shule ikifungwa, wazazi wengi huwaza masomo: mtoto atasahau hesabu, atafutiwe tuisheni. Wachache huwazia mwili wake, ingawa nao hupoteza mengi likizoni.

Kati ya mwaka 2010 na 2013, watafiti nchini Marekani waliwafuatilia watoto zaidi ya 18,000 kuanzia chekechea hadi darasa la pili, wakiwapima urefu na uzito. Waliokuwa na unene wa kupindukia waliongezeka kutoka asilimia 8.9 hadi 11.5. Ongezeko lote lilitokea wakati wa likizo ndefu. Miezi ya masomo haikuongeza kitu. Likizo zetu za Juni na Desemba ni fupi kuliko zao, lakini kinachowaharibia ratiba watoto wao hakiwaachi wa kwetu.

Shule haimfanyi mtoto awe na afya kwa mahubiri. Ratiba ndiyo inayofanya kazi. Humlazimu alale mapema ili aamke alfajiri, hupanga saa ya uji na ya chakula, humpeleka uwanjani wakati wa mapumziko, na wengi huenda na kurudi kwa miguu. Ratiba hiyo ikiondoka, siku huporomoka kwa mpangilio unaojulikana. Mtoto anabaki kwenye runinga hadi saa tano usiku. Anaamka saa nne asubuhi, anakunywa chai ya sukari nyingi kwa maandazi, kwa hiyo saa saba wali haumwingii. Saa tisa njaa inamrudia, sufuria zimeshaoshwa, naye anakwenda dukani kununua biskuti na soda. Jioni wenzake wakicheza, yeye ana usingizi mzito. Usiku macho makavu.

Soda hiyo tuitazame kwa karibu. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hadi 40, vijiko vya chai tisa hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu inayotokana na chakula. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600 kwa siku, hiyo ni gramu 40. Chupa moja imemaliza fungu lake, na chai ya asubuhi bado haijahesabiwa.

Usingizi ndio shina la yote. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku. Saa ya mwili wake huongozwa na mwanga: jua la asubuhi huiamsha, mwanga mkali wa usiku huichelewesha. Ndiyo maana kumwambia tu "nenda kalale" hakufui dafu. Mwamshe kwa saa ileile kila siku, atoke nje juani, na usiku zima skrini saa nzima kabla ya kulala.

Basi usijaribu kuigeuza nyumba kuwa shule. Linda mambo manne: saa ya kuamka, saa za milo, mswaki asubuhi na usiku, na angalau dakika 60 za kukimbiakimbia. Rede, kombolela na kuruka kamba zinatosha kabisa. Anayekwenda kwa bibi kijijini atateka maji na kuchunga mbuzi. Huyo hana shida ya mazoezi, mfungashie mswaki na dawa ya meno. Mwenye shida ni wa mjini, anayefungiwa chumbani kwa sababu wakubwa wako kazini na barabara ina bodaboda. Huyo anahitaji majirani wapeane zamu ya kuwaangalia watoto uani, saa moja kila jioni.

Na kama ratiba imeshavurugika, anza kuirudisha wiki mbili na nusu kabla ya shule kufunguliwa. Mwamshe robo saa mapema kila siku. Saa ya kulala itafuata yenyewe. Mtoto aliyezoeshwa hivyo ataingia darasani siku ya kwanza akiwa macho, tayari kusikiliza.