Rivolva za kikauboi: OG au kopi, zote zinaweza kukuingiza kwa ngori

Sema uko Kenyatta Avenue hapa Nax, wewe na mabeshte mnashuti video ya ngoma yenu. Mmoja anachomoa rivolva ya kikauboi kwa kiuno. "Tulieni, hii ni kopi tu."

Msee, hiyo "kopi tu" ndiyo shida.

Hizi ni rivolva za fataki. Hazitumii risasi za kisasa zenye ganda. Unamwaga baruti kwa kila tundu la silinda, unaweka goroli ya risasi, unaishindilia na wenzo ulio chini ya mtutu, kisha nyuma unavisha fataki, kikofia kidogo cha shaba. Nyundo ikigonga fataki, baruti inawaka, goroli inatoka.

Teknolojia ya kushindilia baruti si ngeni Rift. Joseph Thomson alipopitia Naivasha akielekea Baringo mwaka wa 1883, misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilikuwa ishaijua njia hiyo, na wapagazi walibeba magobori. Ulaya ilikuwa imehamia risasi za ganda, kwa hivyo bunduki zake kuukuu zilimwagwa huku kwetu.

Sasa tuongee OG. Inayojulikana sana ni Colt Navy ya 1851, risasi sita, karibu kilo 1.2. Zilitengenezwa zaidi ya 200,000 hadi 1873. Kopi nyingi za leo hutoka Italia, kwa kampuni kama Uberti, iliyoanza 1959, na Pietta. Utazitofautishaje?

Mihuri: OG ina jina la Colt juu ya mtutu, mara nyingi na New York au London. Kopi ya Italia ina jina la kiwanda chake, mihuri ya ukaguzi ya Gardone na herufi za mwaka iliotengenezwa. Ukiona mahali hapo pamesuguliwa, jua kuna mtu anataka kukuuzia uongo.

Namba: Kwa OG, namba ya fremu inafaa kufanana na ya mtutu na silinda. Zikitofautiana, imeunganishwa na vipande.

Kipimo: Colt Navy OG ni .36. Ukiuziwa "Navy ya 1851" ya .44, hiyo ni kopi. Colt hawakuwahi kuiunda.

Fremu: Fremu ya Colt OG si shaba ya manjano. Lakini chunga: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, upande wa Kusini ulikosa chuma, na Griswold kule Georgia akaiga Colt kwa fremu za shaba. Kwa hivyo kuna kopi ambazo zenyewe ni antiki, na wakusanyaji hulipa chapaa ndefu kuzipata.

Chuma: Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. OG imekula kutu zaidi ya miaka 150, na kuipiga ni kucheza na vidole vyako. Kopi ni chuma kipya. Kumaanisha kopi ndiyo iko tayari zaidi kuua.

Turudi Kenyatta Avenue. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kama silaha kitu chochote chenye mtutu kinachoweza kurusha risasi na kuua. Kopi inayopiga iko ndani ya maneno hayo. Na hata kama haipigi kabisa, ukiitumia kufanya uhalifu, sheria hiyo hiyo inataja silaha bandia pia. Mwenye ataelekezewa hataulizia mihuri ya Gardone kwanza, na karao akiona mchuma usiku ana sekunde chache tu za kuamua.

Ukitaka kuagiza moja, usimwamini muuzaji wa mtandaoni anayesema "haihitaji leseni." Huenda anaongea kuhusu sheria ya kwao. Uliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujatuma doh. Na kwa video? Chonga ya mbao, uipake rangi, wajulishe polisi na majirani mapema, na isitoke kwa seti.

Ngoma kali haihitaji mtu alale ndani.