NCHI JIRANI: Mawimbi Hayaongezeki, Hugawanywa



Siku ya mshahara, kambi nzima hushika simu kwa saa moja. Huyu anatuma fedha nyumbani, yule anauliza karo. Mtandao unakwama, na lawama humwangukia mwenye simu ya zamani. Tusimwonee. Mawimbi ya redio ni kama shamba lenye mipaka. Swali ni namna ya kuligawa.

Simu za mkononi zilizoingia Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika miaka ya 1980 ziligawa masafa: kila anayeongea alipewa kipande chake mpaka amalize. Katika mtindo wa Kimarekani wa wakati huo kipande kilikuwa cha kilohezi 30.

Uganda ilipoanza simu za GSM mwaka 1995, kilichogawanywa ni wakati pia. Watu 8 walitumia kipande kimoja cha kilohezi 200 kwa zamu, kama zamu za kiwandani, ila hapa zamu ya kila mmoja hurudi zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Kwa mtindo ule wa kwanza wangeingia 6 tu. Faida kubwa zaidi ni kwamba GSM huvumilia mwingiliano, hivyo masafa yale yale hutumika tena katika minara iliyo karibu zaidi.

Kizazi cha tatu kilileta njia nyingine: wote husema pamoja katika megahezi 5, kila mmoja kwa alama yake. Hapa hakuna hesabu kamili ya nafasi, maana kila anayeingia huongeza kelele kwa wenzake. Ili asiwepo wa kuwafunika wengine, mnara huiamuru kila simu ipandishe au ishushe nguvu mara 1,500 kwa sekunde.

Kizazi cha nne hukata masafa na wakati katika vipande vidogo, na kuvigawa upya kila elfu moja ya sekunde. Asiye na la kutuma hapewi, na nafasi yake huenda kwa mwenye haja.

Njia hizi zote hazikuongeza shamba hata hatua moja. Wanaposhindwa kutosha, dawa ni minara zaidi au watu kupokezana. Basi mwajiri akitaka kulipa mishahara kwa simu, wajumbe wa tawi waulize mapema: kambi inahudumiwa na minara mingapi? Je, malipo yanaweza kupangwa kwa siku tofauti, idara kwa idara? Mshahara uliokwama hewani haununui unga.

Umoja ni nguvu!