Kuandaa Faili la Picha kwa Ajili ya Matbaa
Sehemu ya Pili: Rangi, Nukta na Kingo

Msomaji aliyefuatana nasi katika sehemu ya kwanza atakumbuka kwamba tulizungumza juu ya karatasi, unene wake na tabia yake ya kunywa wino. Leo tunaingia katika jambo ambalo aghalabu ndilo lizushalo ugomvi baina ya mteja na mpiga chapa, nalo ni faili la kompyuta libebalo picha na maandishi mpaka matbaani.

Zamani, matbaa zilipokuwa zikipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, kama walivyofanya wamisionari wa U.M.C.A. huko Unguja walipoanza kutoa gazeti la Msimulizi mwaka 1888, baina ya mtungaji na karatasi alisimama mpanga herufi, mtu mwenye macho na akili, ambaye akiona kosa aliweza kulisahihisha au kuuliza. Hata zilipokuja zama za filamu, alikuwapo fundi wa kuzikata na kuzipanga juu ya meza yenye taa. Lakini tangu miaka ya 1990 viwanda vilianza kuiacha filamu, na siku hizi miale ya leza huchora bamba moja kwa moja kutoka katika faili. Basi mafundi wale wameondoka, na kazi yao imemwangukia mwenye faili, ambaye mara nyingi hana habari kwamba amerithishwa. Kwa rai yangu, mpiga chapa hulaumiwa kwa dhulma katika sehemu kubwa ya mashtaka tuyasikiayo.

Tuanze na rangi, maana humo ndimo mwenye vitimbi vingi. Kioo cha kompyuta huonyesha rangi kwa nuru: nyekundu, kijani na buluu, ambazo zikiwaka zote kwa ukamilifu hutoa weupe, na zikizimwa hubaki giza. Karatasi ni kinyume chake. Yenyewe ni nyeupe tangu mwanzo, na wino hauongezi nuru bali huipunguza. Ndiyo sababu matbaa hutumia wino wa aina nne, yaani sayani, majenta, manjano na mweusi, na ndiyo sababu ile kijani iwakayo kwenye simu, au buluu ile kali ipendwayo na vijana, haiwezi asilani kupatikana kwa wino huo wa kawaida, hata mwenye mashine angekuwa stadi namna gani. Mwenye busara huzigeuza rangi zake mwenyewe kutoka zile tatu kwenda hizi nne, kwa kufuata kipimo atakachopewa na kiwanda, aone hasara yake mapema na airekebishe; asipofanya hivyo, programu ya matbaa itamfanyia, nayo haimjui wala haijui alikusudia nini.

Na weusi je? Wengi hudhani weusi ni weusi tu. Maandishi madogo yapasa yatokane na wino mweusi peke yake, kwa kuwa yakitungwa kwa wino wote wanne yatahitaji mabamba manne yaangukiane barabara, ilhali karatasi hunyooka na kusogea ndani ya mashine, na matokeo yake ni herufi zenye vivuli vya rangi kando yake. Lakini eneo kubwa, kwa mfano jalada zima la kitabu, likipigwa kwa wino mweusi pekee huonekana limepauka mfano wa kijivu. Hapo huongezwa kiasi cha rangi nyingine, kama asilimia 60 ya sayani na 40 ya majenta na 40 ya manjano chini ya 100 ya mweusi. Jumla yake hufikia 240, nayo ni salama. Ama yule ajazaye zote nne kwa ukamilifu hufika 400, na karatasi nyororo ya majarida kwa kawaida huvumilia kama 300 tu, ya gazeti ikiwa chini zaidi. Ukizidi hapo, wino hukawia kukauka na kuupaka mgongo wa karatasi iliyo juu yake.

Sasa tuitazame nukta. Mashine haina wino hafifu na wino mzito. Kila kivuli kwenye picha hutokana na nukta ndogo au kubwa zilizopangwa kwa mistari, na atakaye kuhakikisha na atazame gazeti kwa lenzi. Kwa kazi nzuri ya jarida mistari hiyo huwa 150 hivi katika inchi moja, na kanuni ya mafundi ni kwamba picha iwe na pikseli maradufu ya mistari hiyo, ndiyo maana husikiwa wakidai 300. Kwa hivyo picha yenye upana wa pikseli 1,200 haifai kuchapwa zaidi ya inchi 4, na kuijaza katika ukurasa wa A4 kunataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Kuinyoosha ndani ya kompyuta hakuongezi chochote ila ukungu. Tena, picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa njiani bila ya mtumaji kuarifiwa. Itumwe kama hati, au ipelekwe kwa flashi.

Kingo zataka ziada. Kisu cha kukatia hakiangukii mahali pale pale kila mara, hivyo rangi ifikayo pembeni lazima ivuke mpaka kwa milimita 3 kila upande, kama fundi cherehani aachavyo kitambaa cha mshono. Ukurasa wa milimita 210 kwa 297 huandaliwa kwa 216 kwa 303. Maandishi nayo yakae mbali na kisu, walau milimita 5 kwa ndani.

Yaliyobaki ni mepesi. Nembo iwe ya mistari ya hesabu, isiwe ya pikseli. Fonti zifungwe ndani ya faili. Na faili lenyewe liwe PDF/X-1a, kanuni ya kimataifa ya mwaka 2001 iliyowekwa mahsusi kwa matbaa, ambayo hulikataa faili lisilo na fonti zake au lenye rangi za nuru.

Hatimaye kiwanda kitakuletea nakala ya majaribio. Usiitazame kwenye simu. Iombe juu ya karatasi, uisome herufi kwa herufi, nambari za simu na tarehe hasa, kwani ukishaitia sahihi, gharama ya kosa litakaloonekana baadaye ni yako. Sehemu ya tatu itahusu kukunja na kujalidi.