Kompyuta Imeingia Sebuleni: Tukae Vipi?

Mama mwenzetu, hebu itazame sebule yako. Katikati ipo meza fupi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kuizunguka yapo makochi, lile la watu watatu na yale ya mtu mmoja mmoja. Pembeni kuna kabati la televisheni, na juu yake picha ya harusi. Sasa ingiza kompyuta humo. Utaiweka wapi? Nawe utakaa wapi ili uitumie saa mbili bila kuinuka ukiwa umeshika kiuno?

Sisi tuliopo hapa Kasulu swali hili tulilipuuza karibu mwaka mzima, mpaka jioni moja tulipokuwa tunaepua sufuria ya maharage. Mkono wa kulia ukakataa kushika. Haukuuma, ulikataa tu, kana kwamba si wetu. Maharage yote yakamwagika jikoni, na kama si kuruka upesi, mtoto wetu wa mwisho aliyekuwa amekaa karibu na jiko angeungua miguu. Usiku ule hatukulala kwa kuwaza yale ambayo yangeweza kutokea.

Dalili zilikuwapo muda mrefu. Ganzi ilianza kwenye kidole gumba, ikafuata cha shahada na cha kati. Usiku wa manane tulikuwa tunaamka na kukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji. Shingo nayo ilikuwa imekakamaa. Tulidhani ni jembe, kwa kuwa mwanamke wa huku akiumwa mgongo au mkono, jambo la kwanza analosingiziwa ni jembe. Wengine walisema ni uzee unabisha hodi.

Huko hospitali mganga hakuanza na dawa. Alituuliza tunafanya kazi gani, tukamjibu kuwa ni mwalimu. Akauliza na usiku je? Tukamweleza kwamba watoto wakilala saa tatu ndipo tunafungua kompyuta: alama za wanafunzi, maandalio ya masomo, na kazi za Chuo Kikuu Huria tunachosoma huku tukilea. Ndipo akauliza, "Na hiyo kompyuta, mama, unaitumia ukiwa umekaaje?"

Tulicheka kidogo. Tulikuwa tunakaa kama kila mtu: kwenye kochi, kompyuta mapajani.

Alitueleza kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo hupita mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Ukichapa huku kifundo kimekunjwa kwenda juu au chini, njia hiyo hubanwa, na mambo yakiendelea hivyo kwa miezi mshipa unaanza kulalamika. Kwa wajawazito hutokea kwa urahisi zaidi, maana mwili hujaa maji na njia ile inazidi kuwa finyu. Mwenye ganzi ya namna hii asikae nyumbani akijikanda maji ya moto tu. Kidole gumba kikianza kupoteza nguvu kabisa, afike hospitali mapema. Sisi tulipewa kifaa cha kufunga mkono usiku, tukaambiwa tukabadilishe namna ya kukaa.

Kubadilisha namna ya kukaa! Katika nyumba ambayo kila kiti kilinunuliwa kwa ajili ya wageni.

Tuyaseme haya makochi bila kuyadharau. Ni ya mninga, na baba watoto aliyalipia kwa mahindi na maharage ya misimu miwili. Jumuiya ikifika kusali nyumbani, watu huyapapasa na kuyasifu. Lakini kochi limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepumzika. Ukikaa unazama, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, na kwa kuwa kalio la kochi ni refu kwenda nyuma, mama mfupi akiegemea miguu inaning'inia, na akishusha miguu hawezi kuegemea. Ukiiweka kompyuta kwenye meza ya katikati, ambayo kwetu ina kimo cha sentimita 45, unainama kama anayechambua mchele. Ukiipakata, shingo ndiyo inayoinama.

Na hapa jina nalo limetudanganya. Tunaiita kompyuta mpakato, nasi tunajua kupakata maana yake nini. Tumepakata watoto na wajukuu. Lakini mtoto akipakatwa hutazamwa kidogo na kubembelezwa sana. Kompyuta hutazamwa muda wote, na kioo chake kimeunganishwa na vibonye vyake. Ukiviweka vibonye mahali panapofaa mikono, kioo kiko chini mno kwa macho. Ukikipandisha kioo kifae macho, mikono inaning'inia hewani. Zaidi ya hayo inapata joto, na ukiiweka juu ya mto wa kochi unaziba matundu inayopumulia.

Mtu aliyetufungua macho ni shangazi yetu aliyeko Kibondo. Yeye alikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ya Serikali miaka ya 1970 na 1980, enzi za taipu za chuma. Tulipokwenda kumsalimia tukamwonyesha mkono uliofungwa. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akasema, "Mwanangu, sisi tulichapa kutwa nzima kwa miaka, mbona hatukufungwa mikono? Meza ya taipu haikuwa meza ya kuandikia. Ilikuwa fupi zaidi. Mwalimu wetu wa uchapaji alikuwa anapita nyuma yetu na rula. Ukiinua mabega, unaguswa bega. Ukilaza kifundo, unaguswa kifundo. Nyayo zote mbili chini!"

Basi elimu hiyo ilikuwapo, ila haikuhamia kwenye kompyuta. Huenda ni kwa sababu kompyuta zilichelewa kutuzoea. Ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza, na miaka mingi ikapita kabla mlango haujafunguliwa tena. Huku kwetu wengi tuliziona kwanza katika ofisi za mashirika yaliyokuja na wakimbizi, Warundi waliokimbia baada ya Oktoba 1993, na Wakongo waliofungukiwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Zilikuwa mezani, mbele ya viti vya kuzunguka. Siku zilipoingia majumbani ziliingia peke yake, bila meza wala kiti. Na tangu umeme wa gridi ya Taifa ulipoanza kuufikia Mkoa wa Kigoma mwaka 2022, nyumba zenye kompyuta zimeongezeka, na akina mama wanaokunja shingo wameongezeka nao. Cherehani ilikuwa na bahati, kwani ilifika na meza yake chini yake.

Shangazi akatafuta futi ya fundi cherehani, akatukalisha kwenye kiti cha mbao na kutupima pale pale. Kipimo cha kwanza ni kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, nyayo zikiwa zimekanyaga sawasawa na ndala miguuni. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Kwetu kilikuwa sentimita 40. Cha pili, ukiwa umekaa hivyo, legeza mabega na ukunje mkono kama unayepokea sahani, kisha upimwe kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Hapo ndipo vidole vinapotakiwa kuchapia. Kwetu ni sentimita 63. Tuliporudi Kasulu tukapima meza yetu ya chakula: sentimita 75. Mara zote tulizojaribu kuitumia, tulikuwa tumepandisha mabega sentimita 12 bila kujua.

Kama meza ya chakula ndiyo pekee uliyo nayo, usiikate miguu, wageni watakula wapi? Pandisha kiti kwa mto mgumu, au sponji nzito iliyoshonewa foronya imara, mpaka kiwiko kifike kimo cha meza. Miguu sasa itaning'inia, kwa hiyo weka chini yake kibao au boksi la kimo kile kile ulichojiongezea. Mto laini usiutumie. Unazama nao, na hesabu yote inaharibika.

Sisi tuliamua kutengenezesha meza, na hapo ndipo mambo yalipochangamka. Fundi seremala alikuja na futi yake, akamsalimu baba watoto, akamkalisha na kumpima yeye! Tukiwa tumesimama pale pale na mkono umefungwa. Baba watoto ni mrefu, na kompyuta huigusa siku za Jumapili anapotazama matokeo ya mpira. Tukamwambia fundi kwamba atakayeitumia ni sisi. Fundi akacheka kwa adabu, akasema, "Mama, meza ya nyumba hupimwa kwa mwenye nyumba." Hatukujibu. Tulimtazama baba watoto, naye akatazama chini. Tulijua anafikiria makochi yake, na sebule itakavyoonekana na meza fupi isiyofanana na chochote. Kisha akamtazama mtoto wa mwisho, aliyekuwa anacheza mlangoni, akasema taratibu, "Fundi, mpime mama." Maneno mawili matatu tu, lakini tangu tuolewe ni machache yaliyotufurahisha kama hayo.

Hata hivyo meza ya kwanza haikufaa. Kwa nia njema fundi aliongeza droo chini ya ubao, ili tupate pa kuweka karatasi. Magoti hayakuingia. Paja la mtu aliyekaa lina unene wa sentimita 14 hivi, na ukiujumlisha na kiti cha 40 unapata 54. Meza tuliyoagiza ilikuwa ya 62, maana vibonye vyenyewe vina unene kidogo. Kwa hiyo ubao pamoja na fremu yake havitakiwi kuzidi sentimita 8. Droo peke yake ilikuwa na 12. Fundi aliitoa na kuifanya kisanduku kidogo kinachosimama kando, na bei hakuiongeza. Gharama yote ilikuwa kama ya mbuzi mmoja. Kama utaagiza, sisitiza mbao zilizokauka, ziwe za mninga au mkurungu. Mbao mbichi zitapinda kiangazi kikifika, nayo meza itakuwa inacheza kila unapochapa.

Kuhusu kioo, tulinunua kibodi ya pembeni na kipanya, kisha kompyuta tukaipandisha juu ya pakiti mbili za karatasi za kuchapia, ambazo kila moja ina kimo cha sentimita 5 hivi. Bado tukaongeza boksi la viatu lililojazwa magazeti. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo, na kioo chenyewe kiwe mbali kadiri ya urefu wa mkono.

Jirani yetu mmoja hana nafasi ya meza wala fedha zake. Yeye alitumia akili nyingine ambayo, kusema kweli, tunaionea wivu. Makochi yetu haya ya mbao yana mikono mipana na tambarare. Alimwomba fundi ubao mmoja wa kulaza juu ya mikono miwili ya kochi la mtu mmoja, urefu wa sentimita 75 hivi, na chini yake fito mbili za kuuzuia usiteleze. Mikono ya kochi huwa karibu na kimo cha kiwiko, basi vidole vinakaa vizuri. Nyuma ya mgongo ameweka mto mgumu uliojaa sufi ili asizame, na chini ya miguu kigoda kifupi. Akimaliza anausimamisha ubao nyuma ya kabati, na sebule inarudi kuwa sebule. Kwa barua na kazi za nusu saa hapana neno. Kwa kazi ya usiku kucha shingo bado itadai haki yake.

Mengine ni madogo. Usikae ukiwa umelipa dirisha mgongo, kwa sababu mwanga wake utarudi kutoka kwenye kioo, wala usilielekee. Dirisha liwe ubavuni. Waya usipite katikati ya zulia penye mtoto anayetambaa. Radi za huku mnazijua: mawingu yakianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani. Na vitambaa vyetu vya kufuma tunavyovipenda, tufunikie kompyuta ikiwa imezimwa ili vumbi jekundu lisiingie, bali ikiwa inafanya kazi iachwe ipumue. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame mbali, mti wa jirani au kilima, kisha uinuke. Sisi wenye watoto kuinuka hakutushindi.

Mkono umepona kwa sehemu kubwa. Ganzi hutokea mara moja moja, hasa majira ya palizi. Baba watoto anapotaka kutazama mpira huingiza vibao vinne chini ya miguu ya meza, na akimaliza huvitoa mwenyewe bila kukumbushwa.

Mwezi uliopita shangazi alitutembelea kutoka Kibondo. Kabla hajanywa hata chai alikaa mezani, akaipapasa meza kwa chini, akanyoosha vidole vyake kumi na kuchapa jina lake lote bila kutazama vibonye. Kisha akasema kiti kimezidi kidole kimoja. Tumepima tena na kweli kimezidi. Fundi atakuja Jumamosi kukikata.