Boheti wa Tendaguru asisahauliwe



Nina dukuduku kuhusu mifupa ya Tendaguru, mkoani Lindi.

Hapa Tongoni tuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na mgeni akija huyaona papa hapa. Wenzetu wa Lindi mjusi wao mkubwa, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na yuko huko katika jumba la makumbusho hadi leo.

Husemwa Wajerumani ndio waliomchimba, kati ya 1909 na 1913. Jembe lilishikwa na nani? Mamia ya Waafrika walifukua, wakafunga mizigo, wakaibeba kichwani na begani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200! Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kufukua mifupa. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake. Je, wanafunzi wetu wangapi wanalijua?

Mabishano ya kurudisha mifupa na yaendelee. Lakini kumtaja Boheti katika vitabu vya shule hakuhitaji ruhusa ya Berlin. Wahusika wanangoja nini?

Mkazi wa Tongoni,
Tanga.